Ampe Mkononi

Elhanan Bergstein alikuwa na orodha ndefu ya vitu asivyovipenda, na kwa miaka sabini na mmoja aliyokuwa nayo hakuona sababu ya kuificha: kahawa ya unga, watu wanaopiga soga wakati wa sala, wapangaji wa ghorofa ya tatu waliotupa nepi kwenye pipa la karatasi. Lakini kilichomtia kichefuchefu hasa, kile kinachoanzia tumboni na kupanda mpaka kooni, kilikuwa sauti ya Menashe Fried.

Na sauti yenyewe ilikuwa nzuri. Hapo ndipo palipomuudhi. Ingekuwa mbaya, watu wangemwona mwenye sauti jinsi alivyo.

Kila Alhamisi alasiri Menashe alifungua dirisha lake, ng'ambo ya ngazi zinazoshuka kutoka mtaa wa Neve Sha'anan, Haifa, akafanya mazoezi ya sehemu ya Torati ya wiki hiyo. Gombo la Torati halina alama za irabu wala za tuni, kwa hiyo msomaji huhifadhi yote kichwani, na tangu mzee Reuven afariki hakuna mwingine katika sinagogi yao aliyeiweza kazi hiyo. Wanawake waliokuwa wakipanda na mifuko ya mboga walisimama katikati ya ngazi, wakaitua chini, wakasikiliza. Baada ya kila kipande Menashe alivunja yai bichi, akalimimina kooni pamoja na kijiko cha asali. Elhanan, ambaye meza yake ya kuandikia ilitazamana na dirisha hilo, alisikia mpaka anavyomeza.

"Funga dirisha basi," alimwambia mkewe, Bruria.

"Kwa joto hili la Agosti? Ziba masikio."

Mke wa Menashe, Hadas, alikuwa amerudi kwa mama yake, mtaa huo huo, miaka tisa iliyopita, na begi moja na jino lililovunjika. Menashe alisema ameanguka kwenye ngazi. Haifa ina ngazi za kutosha, na watu wakaona maelezo hayo yanatosha. Lakini kwa Wayahudi ndoa haivunjwi na rabi wala hakimu. Huvunjwa na mume, kwa hati ya talaka anayoiandikisha mwenyewe na kuiweka mkononi mwa mkewe. Asipoitoa, mke hukaa hivyo hivyo, si mke si mtalaka, hata akiota mvi. Mara tatu marabi walimwita Menashe. Mara tatu alikwenda akitabasamu, akasema anasubiri amani irudi nyumbani, akatoka akitabasamu. Hadas sasa alikuwa na miaka thelathini na minane. Kulikuwa na mwanamume mmoja mpole, muuza miche ya maua, aliyemngojea miaka minne. Mwaka jana alioa mwingine, na hakuna aliyeweza kumlaumu.

Elhanan alimfundisha historia Hadas huyo alipokuwa darasa la saba. Alikaa kiti cha mbele na alikuwa na swali moja tu, alilouliza kila siku: "Mwalimu, hilo limeandikwa wapi?"

Sasa, kila Sabato, baada ya kusoma, wanaume walipanga foleni kumpa Menashe mkono na kumwambia nguvu zake zizidi. Elhanan naye alipanga. Alikuwa akijichukia akiwa bado kwenye foleni, mkono ule laini ukimkaribia, lakini alipanga, kwa sababu wote walipanga. Akifika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye sinki.

"Unanawa nini?" Bruria alimuuliza siku moja. "Si ungeacha tu kumpa?"

Aliongeza sabuni.

Kazi yake tangu astaafu ilikuwa kuandika kipeperushi cha Sabato, ukurasa mmoja kuhusu sehemu ya wiki na historia ya Wayahudi, kilichowekwa kwenye kila kiti tangu Ijumaa mchana. Wiki ile sehemu ilikuwa ile yenye sheria nyingi zilizorundikana: kiota cha ndege, ukingo wa dari, mizani ya haki, na katikati yake mistari michache juu ya mume anayemwacha mkewe, kwamba aandike hati, ampe mkononi. Kwa miaka tisa Elhanan alikuwa akiikwepa mistari hiyo. Alikuwa ameandika juu ya kiota cha ndege mara nne. Safari hii aliona aibu kurudi tena kwa ndege, akachukua mstari unaokataza kupotosha haki ya mgeni na yatima, na kutoka hapo akaingia kwenye desturi ya kale aliyoipenda sana.

Aliandika kwamba katika miji ya mto Rhine, karibu miaka elfu iliyopita, mtu aliyedhulumiwa, hata mjane asiye na wa kumtetea, aliweza kusimama mbele ya watu wote na kuizuia Torati isisomwe. Gombo lilibaki limefungwa, na wakubwa, ambao hawali kabla ya sala kwisha, walikaa na njaa yao mpaka waahidi kumtendea haki. Akamaliza kwa sentensi aliyoipenda mpaka akaisoma kwa sauti: desturi hii imelala, lakini sijaona aliyeizika.

Bruria ndiye aliyepitia makosa. "Umeliondoa lile sharti," alisema.

"Sharti gani?"

"Usijitie hamnazo. La jioni tatu. Kwamba mlalamikaji kwanza alalamike kwenye sala za jioni, siku za kawaida, mara tatu, ndipo aguse Sabato. Mwaka juzi ulinichosha nalo wiki nzima."

"Nafasi haitoshi."

"Nafasi! Na salamu za kuzaliwa za mjukuu wa Zalman msimamizi umeziweka kwa herufi za bango."

"Linaharibu mwisho, Bruria. Hii ni historia tu. Nani leo atakwenda kuizuia Torati?"

Bruria alimtazama, akamrudishia karatasi.

Sabato ilipofika, feni ziligeuza hewa ile ile ya moto tangu asubuhi. Wanaume walikuwa kama thelathini chini, wanawake kumi na watano juu kwenye roshani. Gombo lilitolewa kabatini, likazungushwa na kubusiwa, likalazwa juu ya meza ya kusomea. Menashe alikuwa amekwisha kulamba midomo. Hapo ndipo Hadas aliposhuka ngazi za roshani, kipeperushi mkononi, akapita katikati ya wanaume ambao walivuta miguu yao kama waliomwagikiwa maji, akaweka viganja vyote viwili juu ya vazi la gombo.

"Halisomwi," alisema. "Mpaka mniahidi."

Kukawa na kelele. "Mwanamke kashuka!" "Mtoeni!" "Nani wa kumtoa, wewe utamshika?" "Jamani, ni Sabato!" Mzee mmoja wa nyuma aliyeamka usingizini aliuliza kama wamekwisha kusoma.

Hadas alisubiri wachoke. Kisha akakisoma kipeperushi kwa sauti, tangu mto Rhine mpaka mwisho. "Imelala, lakini haijazikwa," alisema. "Basi mimi nimeiamsha. Miaka tisa. Nataka hati yangu."

Elhanan alihisi damu ikimpanda usoni. Kwa nukta chache alikuwa mwanamume mwenye furaha kuliko wote Haifa. Neno lake limefanya kazi! Kisha akamwona Menashe akitabasamu.

"Mimi sina ugomvi na desturi," Menashe alisema, taratibu, kwa ile sauti. "Naipenda desturi. Lakini tuifuate yote. Kuna sharti la jioni tatu. Amelalamika jioni gani, huyu? Mimi nipo hapa kila jioni, sijamwona. Rabi, muulize Mwalimu. Yeye ndiye mjuzi."

Rabi Asher, kijana aliyehamia mtaani majira ya kuchipua na ambaye bado aliomba radhi kabla ya kukaa kwenye kiti chake mwenyewe, alimgeukia Elhanan. "Mwalimu? Ni kweli sharti hilo lipo?"

Watu wote walimtazama, na Hadas pia. Elhanan angeweza kusema mambo mengi. Angeweza kusema kwamba miaka tisa ina jioni zaidi ya elfu tatu, na kwamba mwanamke huyu amelia katika kila moja. Alilijua jibu hilo, lilikuwa pale pale kinywani. Lakini alikuwa mtu wa maandishi, aliyewakata wanafunzi alama kwa tarehe moja iliyokosewa, na alipoulizwa kama jambo limeandikwa, ulimi ulimtangulia.

"Lipo," alisema.

"Ahsante," alisema Menashe.

Hadas hakuondoa mikono mara moja. "Mwalimu," alisema, "hukuandika hivyo."

"Nafasi ilikuwa..." Elhanan alianza, akaisikia sauti yake mwenyewe, akakaa.

Hadas akaondoa kiganja kimoja, kisha cha pili. Akapanda ngazi za roshani bila kumtazama mtu. Wanaume wakashusha pumzi, mmoja akacheka, mwingine akasema afadhali, maana samaki wa chumvi wa baada ya sala anapata joto huko nyuma. Gombo likafunguliwa na sauti ikapanda, laini, imenyooka, isiyo na doa. Elhanan alikaa na kichefuchefu chake. Kila mara alikuwa amedhani kinatoka kwa Menashe. Siku ile alijua kwamba sehemu yake inatoka kwake mwenyewe, na alijiona mchafu mpaka chini ya kucha.

Wanaume huitwa mezani mmoja mmoja, saba, na kila mmoja husomewa kipande chake. Wa nne alipomaliza, Zalman msimamizi alimwinamia Elhanan sikioni. Zalman ndiye aliyegawa miito, na ndiye aliyesimama mezani na kitabu chenye alama zote akimchunga msomaji, maana akikosea neno lazima aambiwe, arudi, alisome upya. Haendelei mpaka alipate.

"Wa tano ni wako," alinong'ona. "Umetuokoa na aibu, Mwalimu. Mungu akupe maisha."

Basi hayo ndiyo yakawa malipo yake. Elhanan aliinuka kwa sababu jina lake lilikwisha kuitwa, Elhanan mwana wa Yehiel, na mtu akiitwa hakatai. Akasimama bega kwa bega na Menashe, akasema baraka, na harufu ya yai bichi na asali ikamjia puani. Akakaza macho kwenye safu ya maandishi, kwenye ncha ya kijiti cha fedha kilichoteleza chini ya maneno. Msomaji akapita kwenye shamba la mizabibu la jirani, akapita kwenye ngano ya jirani, akafika kwa mume na mke. Aandike hati, Menashe alisoma, na hapo sauti yake ikafanya kijimadoido kidogo ambacho watu walikipenda, ampe mkononi.

"Umekosea," Elhanan alisema.

Menashe alisita. Haikuwahi kutokea. Akarudi nyuma maneno matatu, akasoma tena, kwa uangalifu.

"Umekosea."

Akasoma mara ya tatu, taratibu, silabi kwa silabi.

"Umekosea. Rudia."

"Mwalimu," Zalman alisema, kidole kwenye kitabu chake, "kasoma sawasawa kabisa. Nimefuata herufi kwa herufi."

"Haiko sawasawa," Elhanan alisema, safari hii kwa sauti ya darasani, ile ya kufika dawati la nyuma. "Hapa imeandikwa ampe mkononi. Yeye hajampa. Miaka tisa anausoma mstari huu mbele yetu, na miaka tisa anaukosea, nasi tunampa mkono. Mimi wa kwanza, na natia kinyaa. Menashe, rudia."

"Hii si kanuni!" Menashe alimaka. "Hii imeandikwa wapi?"

"Nimeacha kuandika. Rudia."

Kelele zikaanza tena. "Mwalimu, njaa inauma!" "Mzee kachanganyikiwa na joto." "Mwacheni amalize, bwana!" Rabi Asher alifungua mdomo akaufunga. Menashe, akitafuta njia ya kupita, akausoma mstari kwa nguvu na kukimbilia unaofuata, lakini kutoka juu kwenye roshani ikashuka sauti ya Bruria, kavu, bila tuni yoyote.

"Rudia!"

Kisha mwanamke mwingine. Kisha wengine, wale wale waliokuwa wakitua mifuko ya mboga kwenye ngazi kila Alhamisi. Rudia. Menashe alirudia. Rudia. Mara ya kumi na moja kijimadoido kilikatika katikati. Mara ya kumi na nne sauti yenyewe ilipasuka, ikatoka chini yake sauti nyingine, nyembamba, ya mtu mwenye hasira ndogo ndogo, na watu waliinua vichwa kwa sababu hawakuwahi kuisikia. Hadas peke yake ndiye hakushtuka. Yeye alikuwa ameisikia nyumbani.

"Maji," Menashe alisema. Hakuna aliyekwenda kuyaleta.

Alimgeukia Zalman. "Mwambie basi! Wewe ndiye mwenye kitabu!"

Zalman alitazama kitabu. Akatazama juu, akakutana na macho ya mkewe. "Hebu," alisema polepole, akarudisha kidole mwanzo wa mstari. "Rudia."

Menashe aliuweka chini kijiti cha fedha. Jasho lilimchuruzika toka shavuni mpaka kwenye ukosi. "Nitampa," alisema.

"Lini?" Elhanan aliuliza.

"Mambo yakitulia, nikipata nafasi ya..."

"Rudia."

"Jumatatu! Jumatatu asubuhi, mbele ya marabi! Basi?"

Ndipo Rabi Asher alipopata ulimi wake. "Kwa mkono," alisema. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Leo ni Sabato, hatuandiki. Lakini ahadi ya mkono ni kiapo. Mbele ya watu wote hawa."

Menashe alinyoosha mkono. Ulikuwa na unyevu, na asali ilikuwa imegandia kwenye kidole kimoja. Elhanan aliutazama mkono ule aliokuwa ameushika kila Sabato kwa miaka tisa, bure kabisa, akaushika tena na kuubana.

Jumatatu Bruria alimsindikiza Hadas. Elhanan alibaki nyumbani akizunguka chumba, akaosha vikombe vilivyokuwa safi. Bruria aliporudi alivua viatu kwanza.

"Kampa?"

"Kampa. Mwandishi kaandika, mashahidi wametia sahihi, Hadas kakinga viganja hivi, yeye kaidondosha. Hadas akaibana kwapani, akatembea hatua tatu nne kama anavyotakiwa. Basi. Dakika moja, Elhanan. Miaka tisa kwa kitu cha dakika moja."

"Akasemaje?"

"Alikwenda kwenye sinki kwanza, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili. Kisha akasema anataka aiskrimu."

"Mmekula?"

"Tumekula mbili mbili." Bruria alijifuta macho kwa nyuma ya mkono. "Kasema nikuambie sinagogi hii harudi. Hataki kuisikia ile sauti tena. Na amekiweka kipeperushi chako, kasema utamwandikia lile sharti pembeni kwa mkono wako, ili kiwe kamili."

Sabato iliyofuata ilikuwa ya sehemu yenye laana, zile ndefu, ambazo kwa desturi msomaji huzisoma kwa sauti ya chini, haraka, kila mtu ameinamisha kichwa. Menashe alikuwa amepumzisha koo wiki nzima. Alizisoma kwa sauti ya chini, na hata laana alizisoma tamu. Mzee mmoja alilia. Kiti cha Hadas kule juu kilikuwa kitupu, na juu yake mtu alikuwa ameweka mkoba wake.

Walipomaliza, foleni ikajipanga. Elhanan alibaki ameketi, akasikiliza.

"Nguvu zako zizidi, Menashe!"

"Na hongera kwa lile jambo. Si kila mwanamume angeweza."

"Moyo mweupe, bwana. Angetaka angemfunga maisha yake yote."

"Mke wangu kasema vivyo hivyo, kasema huyu ni mtu na nusu."

Menashe aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Elhanan akatia mikono mifukoni.

"Njoo basi, Mwalimu," Zalman alimwita, akiwa amekwisha kutoa mkono wake. "Usiwe na kinyongo. Kaahidi, katimiza. Mpe mkono mwenzio, amefanya wema."

Foleni ilipisha njia. Menashe mwenyewe alikuja mpaka kwenye kiti, kiganja mbele, tabasamu limerudi mahali pake. "Sabato ya amani, Mwalimu," alisema.

"Umekosea," Elhanan alimwambia.

Na Menashe, kwa silika ya msomaji, aligeuka haraka kuitazama meza, kutafuta ni neno gani.